Mti wa Mbele wa Machela

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa cherehani. Mwenye Duka, Mwislamu mmoja wa mjini Kisii aliyeuza vitambaa, alinikalisha barazani mwake na sindano ya mkono, akaniambia nishone upindo wa kanga kuukuu, nifumue, nishone tena. Jioni alikuja kukagua. Nilidhani atasema neno kuhusu upindo, lakini alitazama vidole vyangu vilivyochomwachomwa.

"Bwana mdogo," akasema, "fundi hana tajiri wa kumwajiri. Anayekaa barazani kwangu ananipa kodi ya baraza, basi. Ukiugua, mimi nitakupa pole. Ulijue hilo leo."

Nilicheka. Nilikuwa na afya ya fahali, na huo ulikuwa mwaka wa thelathini na kitu, wakati ambao mtu mwenye cherehani ya miguu alionekana amefika.

Nyinyi vijana mna kadi za bima mifukoni, na mnazilalamikia. Sisi tulikuwa hivi: askari akiugua, serikali ilimtibu. Karani vilevile. Waliokwenda kuchuma chai Kericho walikuwa na zahanati ya kampuni, ingawa dawa yake, walisema, ilikuwa ile ile kwa tumbo na kwa jino. Fundi, mfinyanzi, muuza ndizi, hao walikuwa na Mungu. Nilipohamia Keroka kushona kaptula za madereva wa malori, alipita wakala wa bima, mtu wa tai. Nilimuuliza kama ana bima ya familia ya fundi. Akafungua mkoba, akasema anaweza kukatia bima duka lisiungue, na lori lisipinduke.

"Na mke wangu?" nikauliza.

"Mke si mali ya biashara," akasema, akafunga mkoba.

Basi nikarudi nyumbani Marani, nikakodi baraza sokoni, na huko ndiko nilikokuta kitu ambacho hadi leo kikinijia akilini mimi huacha ninachofanya. Kiliitwa chama cha machela. Machela ni kitanda cha kubebea mgonjwa: miti miwili mirefu, iliyokaushwa juu ya moshi wa jiko mpaka ikawa myepesi na isiyovunjika, na katikati kamba za ngozi zilizosukwa. Kila familia isiyo na tajiri ilileta kikapu cha wimbi baada ya mavuno, kikawekwa katika ghala moja. Wimbi hilo lilimlisha mgonjwa na mwuguzi wake muda wote wakiwa hospitali. Pamoja na wimbi, kila nyumba ilitoa bega. Mtu yeyote wa chama akizidiwa, pembe ilipulizwa, na wanaume wanane waliacha walichoshika wakaja. Ubinafsi wa leo wa kila mtu na lake haukuwepo. Hawakuuliza anayeumwa ni wa ukoo gani.

Kiongozi wetu tulimwita Mzee wa Miti. Ndiye aliyenifundisha kubeba, na alikuwa mkali kuliko Mwenye Duka. Wanne hubeba, wanne hufuata wakipumzika. Kichwa cha mgonjwa hukaa juu daima, kwa hiyo mkipanda mlima kinatangulia kichwa, mkishuka inatangulia miguu. Anayetaka kumpokea mwenzake humgusa bega bila kusema neno, kwa sababu mgonjwa akisikia mnasema "nimechoka" atajiona mzigo. Na anayebeba mbele leo, zamu ijayo anabeba nyuma, maana kwenye mteremko uzito wote humwangukia wa mbele.

"Machela haina mkubwa," alikuwa akisema. "Hata chifu akija hapa, nitamwonyesha pa kushika."

Mke wangu Kerubo alishikwa na uchungu wa mimba yetu ya kwanza majira ya mvua. Uchungu ulilala naye, ukaamka naye. Asubuhi mkunga alitoka nje akanitazama, akasema mtoto amekaa vibaya, na mama anaishiwa nguvu. Kama hatafika hospitali ya mjini, atakufa pamoja na mtoto. Barabara ilikuwa tope tupu, hakuna gari lingepita. Nikapuliza pembe.

Walikuja sita. Wengine walikuwa wamevuka mto siku iliyotangulia, na mto ulikuwa umefurika nyuma yao. Pamoja nami tukawa saba, na kwa utelezi ule Mzee wa Miti hakukubali kuondoka na watu saba.

Ndipo baba yangu, Mzee Onyancha, akatoka nyumbani kwake akivua koti.

Mtu asiye Mgusii hataelewa kwa nini hakuna aliyempa nafasi. Kwetu kuna ensoni, haya ya heshima, kati ya mtu na mokamwana, yaani mke wa mwanawe. Baba hakuwa amewahi kuingia nyumbani kwangu. Hakuwa amempa Kerubo mkono. Wakikutana njiani, mmoja alipisha majanini. Sasa mokamwana huyo alikuwa amelala machelani na nguo za kujifungulia, akilia.

"Mzee, huyu ni mokamwana wako," Mzee wa Miti akasema polepole. "Tungoje mtu mwingine."

"Mkingoja mtu mtabeba maiti," baba akasema. "Nipeni mbele. Mbele simwoni."

Tukaondoka. Kutoka Marani hadi mjini ni milima inayofuatana, unashuka huu ili upande ule. Baba alipumzika kwa zamu kama sisi, lakini kila zamu yake ilipofika alishika mti wa mbele. Nilipomgusa bega kwenye mteremko ili tubadilishane, yeye ashike nyuma, alitikisa kichwa. Hakugeuka hata mara moja. Niliogopa kwa ajili ya mke wangu, na ndani ya woga huo nilikuwa nikimshangaa baba yangu kama mtu niliyemwona mara ya kwanza.

Kerubo alipasuliwa, na mtoto akatolewa hai, msichana, Moraa. Mtu kufunguliwa tumbo, kisha akafungwa kwa uzi, akaamka akaomba uji! Nilikuwa fundi wa uzi, nikajiona sijui uzi ni nini. Daktari Mkuu, Mzungu mrefu, alitoka akatukuta tumekaa ukutani tumejaa tope.

"Nyinyi yote ndugu ya huyu mama?"

"Hapana, Bwana Daktari. Ni chama."

Alitutazama mmoja mmoja. "Mimi iko na mshahara ya serikali," akasema. "Iko na gari. Lakini siku mimi nagonjwa, watu kama hii itatoka wapi?" Baba alikuwa amekwisha kuondoka, asije akamkuta mokamwana akiwa macho.

Baba na Kerubo hawakulizungumza kamwe. Kerubo aliniambia tu kwamba, kila tulipokuwa tukishuka, aliona mgongo.

Nilishona miaka mingi baada ya hapo, na Mzee wa Miti alipozeeka nikashika nafasi yake. Sasa macho yangu hayaingizi tena uzi sindanoni, magari yanafika hadi mlangoni, na miti ya machela iko darini kwangu. Wajukuu huniuliza kama bima ile ilikuwa nzuri. Mimi huwasimulia siku baba alipougua.

Pembe ilipulizwa, wakaja wote wanane, wenye nguvu. Tulikuwa tumefika mteremko wa kwanza niliposikia nyayo nyuma yetu. Alikuwa Kerubo, amejifunga kanga kiunoni. Mwanamke hakuwahi kushika machela Marani. Alipita pembeni, ameinamisha uso upande mwingine, akaenda hadi mbele, akamgusa kijana aliyebeba pale begani.

Kijana alinitazama mimi, mkuu wa miti. Nikamwashiria apishe.

Kerubo akaingiza bega chini ya mti wa mbele, akampa baba yangu mgongo, tukashuka.