Ukuta wa Maua Nyuma ya Jiko la Bibi

Mpaka leo, gari likimaliza kona za mwisho kupanda Mbinga na baridi ikaanza kuingia dirishani, hofu hunishika. Wenzangu hufurahi, huvaa masweta, huulizana nani amebeba chai. Mimi hutazama milima. Mwezi wa sita uliopita nilipanda tena, kwenye harusi ya binti wa mjomba, na hofu ikanishika vilevile, ingawa sasa ni mama wa watoto na kule juu hakuna tena kitu changu cha kuchukuliwa. Ngoja nikusimulie hofu hiyo ilikotoka, maana si jambo ambalo ungelikisia.

Tulikuwa tunaishi Lituhi, ziwani. Baba alikuwa bwana samaki, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huko kutoka Singida. Mama alikuwa Mmatengo wa milimani. Homa za ziwani ziliponizidi, nikapelekwa kwa bibi mzaa mama nikasomee huko. Nilitoka kwenye joto, mchanga na harufu ya dagaa wanaoanikwa, nikaingia kwenye nyumba ambayo moto haukuzimwa, maharage yalichemka tangu alfajiri, na ukungu uliingia mlangoni bila kubisha hodi.

Nyuma ya jiko la Bibi kulikuwa na ukuta wa mawe uliozuia udongo wa mteremko. Kila ufa wa ukuta ule ulikuwa na mmea. Ilikuwa mimea midogo, ile inayoota kwenye miamba mirefu ambako hata mbuzi hafiki: mingine ina majani manene yaliyojikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, mingine ina manyoya, mingine hutambaa juu ya jiwe kama maji yaliyomwagika. Bibi aliikusanya tangu usichana wake. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuteka maji ya chemchemi na kuinyeshea kwa mkono, tone kwa tone, kwa sababu alisema mmea wa mwamba ukiushibisha unakufa.

Katikati ya ukuta, upande wa kivuli, lilikaa ua moja jeupe. Bibi alipewa na sista mmoja wa kizungu, mzee, ambaye zamani alitunza bustani ya misheni na sasa alikuwa amerudi kwao, nchi ya milima yenye theluji. Ua lilitoka huko huko kwao. Lilikuwa kama kabichi ya panya, dogo, gumu, na kila kipupwe lilitoa kijiti chembamba chenye vimaua vyeupe vilivyonyunyiziwa nukta nyekundu. Sista alimwambia Bibi kwamba kwao huliita kivunja mawe. Bibi alilifunika kwa kigae jua likipanda, akalifunua jua likishuka. Sijawahi kumwona akimfunika mtu kwa uangalifu ule, isipokuwa mimi nilipokuwa na homa.

Jumapili baada ya misa tulikwenda kutembelea maua ya watu. Ndivyo walivyosema wenyewe, akina mama wa rika lake: nakuja kutembelea maua yako. Kulikuwa na jirani wa ng'ambo ya bonde aliyepanda yake kwenye makopo ya mafuta ya kula, na mke wa katekista aliyetumia vyungu vilivyovunjika. Bibi aliwaamkia watu kwanza, akaulizia wagonjwa, akanywa togwa, ndipo akainuka kwenda kuangalia mimea, mikono nyuma, kama daktari wodini. Hukuenda mikono mitupu na hukurudi mikono mitupu. Ulipeleka chipukizi, ukarudi na chipukizi. "Ua usilomgawia mtu," alikuwa akisema, "likifa kwako limekufa duniani."

Halafu ikaja ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Watu wazima waliisema kwa furaha na kwa mashaka kwa pamoja. Kahawa, ambayo siku zote ilipelekwa kwenye ghala la ushirika, sasa ilifuatwa shambani na wanunuzi wenye malori yao. Sabuni ikajaa madukani, nguo za mitumba zikafika hadi kijijini. Lakini dawa ya mibuni na mbolea, ambazo ushirika ulikuwa ukikopesha, ikabidi kila mtu ajitafutie, na bei ya kahawa ikawa leo hivi kesho vile. Mjomba, mtoto wa mwisho wa Bibi, aliyeishi kiwanja cha pili, akaanza kuzungumza peke yake shambani. Mwanawe wa kwanza alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari.

Pamoja na wanunuzi wa kahawa akaja mnunuzi wa maua. Alikuwa kijana mpole mwenye pikapu. Alimwamkia Bibi shikamoo huku amechuchumaa, akasifu ukuta, akaeleza kwamba huko mijini watu wanajenga majumba na mahoteli na wanataka bustani za mawe. Bibi akamjibu kwamba hauzi, ila kama mama yake anapenda maua atamchagulia chipukizi moja ampelekee. Yule kijana akacheka kwa adabu. Hachukui moja moja, alisema. Huchukua kwa makreti.

Wiki zilizofuata tulipotembelea maua tulikuta matundu mahali palipokuwa na mimea. Jirani wa ng'ambo alikuwa ameuza makopo yote, akatukaribisha kwa togwa huku akitazama chini. Vijana wa kijiji walipanda miambani na sururu, wakashuka na magunia. Bibi hakumlaumu mtu. Ila njiani kurudi alinishika mkono, naye hakuwa na kawaida ya kunishika mkono.

Tangu hapo sikuwa na amani. Darasani nilikaa dirishani nikisikiliza injini. Gari lolote lililonguruma bondeni lilinitoa jasho, hata lilipokuwa la padri. Kengele ikigongwa nilikimbia bila kuwasubiri wenzangu, nikapita jikoni bila salamu, nikagusa kila ufa. Mara nyingine niliota ukuta mtupu, nikaamka nikiwa nimeng'ata shuka.

Jioni moja Mjomba alikuja kuota moto. Alisema kwa upole kabisa. "Mama, mtoto amefaulu. Na maua hayaliwi."

Bibi aliendelea kuchagua maharage. "Hata wewe huliwi," akasema, "na nimekulea."

Mjomba alicheka kidogo, akaaga. Lakini siku chache baadaye, nikiwa chemchemini, nilimsikia juu ya njia akimwambia yule kijana wa pikapu aje Jumapili, wakati wa misa, mama yake atakuwa kanisani.

Sijui kama unakumbuka uzito wa siri ukiwa mtoto. Nikisema, nitawagombanisha Bibi na mwanawe. Nikinyamaza, ukuta utaisha. Nilisukuma ugali pembeni. Bibi akanigusa paji la uso akidhani homa imerudi, na mkono wake ulipokuwa pale ndipo nikamwambia.

 Alimalizia chakula, akaosha sufuria, akasali, akalala. Jumamosi asubuhi nilimkuta tayari ameng'oa mimea yote kutoka ukutani na kuipanga kwenye tenga juu ya gunia bichi, lile jeupe likiwa katikati, bado ndani ya bonge lake la udongo. "Vaa sweta," akaniambia. "Tunayarudisha."

Tulipanda mlima. Tulipita mashamba ya ngoro, yale mashimo ya mraba ya Wamatengo yanayofanya mteremko uonekane kama umefumwa, tukapita mahali vijana walipochimba, tukafika chini ya mwamba mrefu. Juu yake kulikuwa na kishubaka cha jiwe ambacho Bibi alikijua tangu ujana, mahali ambapo mtu hawezi kufika na sururu mkononi. Alijifunga tenga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, akaniamuru nikae chini nisiinuke. Kisha akaanza kupanda kwa mikono na magoti. Nilitazama nyayo zake zilizopasuka mpaka ukungu ukaja ukazimeza.

Nikaita. Akaitika. Nikaita tena, akaitika kwa mbali zaidi. Kisha nikasikia jiwe likiporomoka, likagonga, likagonga tena, likanyamaza. Nikaita na hakuna aliyejibu.

Sijawahi tena kuogopa vile, hata nilipojifungua, hata baba alipofariki. Ukungu ulikuwa mweupe kila upande na nilikuwa nimeamriwa nisiinuke. Nilikaa nimekumbatia magoti nikiahidi mambo mengi kwa Mungu, na ahadi mojawapo ilikuwa kwamba maua yote yafe, tena lile jeupe la kwanza, Bibi apone.

Kilichonijibu hatimaye ni kikohozi. Halafu akateremka, amekalia makalio, polepole, tenga likiwa tupu na mguu mmoja haukanyagiki. "Nilikuwa napanda," akasema, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu. "Huwezi kuitika huku unapanda ua."

Tulikuwa hatujafika mbali, yeye akiniegemea na mimi nikilia, Mjomba alipotokea kwenye ukungu akipanda mbio. Alikuwa ameona ukuta mtupu. Alimtazama mama yake, akautazama mguu, akatazama tenga. Nilidhani kutakuwa na maneno. Aligeuka tu, akachuchumaa, akampa mgongo. Bibi akapanda mgongoni mwa mwanawe, tukashuka hivyo mpaka nyumbani.

Jumapili pikapu ilikuja. Mjomba alimpokea yule kijana njiani, akamwambia hakuna kitu, akamsindikiza. Baadaye aliuza nguruwe wake mwenye mimba, na mtoto akaenda shule.

Mguu wa Bibi haukupona sawasawa. Mlima ule hakuupanda tena. Kila kipupwe Mjomba alipanda kwa niaba yake, akarudi na umande kwenye suruali, na Bibi alimuuliza akiwa kitandani, "Lile jeupe?" Mjomba akajibu, "Lipo, Mama. Limechanua." Ilikuwa hivyo mpaka mwaka aliofariki.

Sasa kwenye harusi hii, wageni wakiwa wanakula, nilikaa na Mjomba nyuma ya nyumba. Amezeeka, anasikia kwa sikio moja. Nikamwomba anielekeze kile kishubaka, nijaribu kupanda kesho yake. Akakielekeza kwa kidevu. Maua ya asili ya huku, akasema, yameenea mpaka yanamwagika. 

"Lile la sista lilikufa kipupwe cha kwanza," akasema. "Pelele, wale pimbi wa miambani, walilila. Nilikuta kijiti tu."

Nikamuuliza, na miaka yote ile?

"Ungemwambiaje?"

Kesho yake sikupanda. Niliketi kwenye baraza nikitazama bonde. Jirani wa ng'ambo alishakufa, na mke wa katekista naye. Mawe ya miamba ya chini yanapasuliwa kuwa kokoto, na nyundo zinasikika mpaka jioni. Hakuna mtu siku hizi anayesema anakuja kutembelea maua yako. Na kila mmea wa akina mama wale ulikuwa na jina la Kimatengo, majina mafupi, ya kuchekesha, mengine ya matusi kidogo, ambayo nilikuwa nayajua yote. Siku ile barazani nilijaribu kuyataja kwa sauti. Nilipata matatu, kisha mengine mawili, na la mwisho sikuwa na hakika nalo, na Mjomba hakuwahi kuyajua, na nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kumuuliza.