Hujaniuliza Habari

Kwetu Magharibi mtu akikusalimu, unajibu uko salama. Hata kama ni matangani na jeneza liko hapo uani, unajibu salama kwanza, halafu ndio unalia. Hivyo ndivyo mama alivyonilea, na hivyo ndivyo nilivyoikosa fidia yangu mara ya kwanza.

Nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha biskuti kule Industria, Nairobi. Siku moja rafu ya trei za chuma iliniangukia bega la kulia. Kwa nje nilipona, hata kovu la maana halikubaki, lakini mkono ulikataa kupanda juu. Wakaniachisha kazi, wakaniambia nidai fidia.

Wakati huo nilikaa Kawangware, upande wa Riruta, mimi na binti yangu aliyekuwa ndio anaanza shule. Kodi ikanishinda. Nikampeleka nyumbani kwa mama yangu, nikamwahidi kwamba fidia ikitoka tu, nitakuja kumchukua. Mimi nikahamia Mashimoni, Kibera, peke yangu, chumba cha kupinda miguu. Nilichotaka kwa fidia ile ni mtoto wangu, basi.

Siku ya kupimwa na daktari wa fidia nilisukwa nywele, nikapiga rinda pasi kwa mkono wa kushoto, nikajipaka mafuta mpaka miguu ikang'aa. Kwani utaenda mbele ya mkubwa ukiwa hovyo? Daktari mwenyewe alikuwa mtu wa adabu.

"Habari yako, mama?"

"Mzuri sana, daktari, sijui wewe."

"Na mkono?"

"Unaendelea vizuri tu, tunashukuru Mungu."

Akasema niuinue. Nikauma meno, nikauinua mpaka juu, maana mkubwa akisema inua, unainua. Jasho lilinitoka mgongoni na bado nikatabasamu. Mjinga mimi!

Jibu nilisomewa na karani dirishani. "Wamekataa. Mwenyewe umesema unaendelea vizuri."

"Lakini hiyo ilikuwa salamu!"

"Sasa ndiyo hiyo imeandikwa. Ukitaka, kata rufani."

"Nikate na mkono gani?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Lakini alinijazia ombi la rufani, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Halafu nikangoja. Kibera imejaa watu, unasikia jirani akikwangua sufuria, na bado nilikuwa mpweke vibaya sana. Kwenye maji, "Habari?" "Mzuri," halafu kila mtu na debe lake. Jumapili watu wa kwetu walitembeleana baada ya kanisa, nami nikaacha kwenda, kwa sababu hakukosekana mtu wa kuniuliza mtoto yuko wapi. Kwa mkono wa kushoto bado nilipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, ikawa asubuhi nakula kiporo cha mtoto ambaye hayupo. Bega lilikuwa linauma, ndiyo, lakini kile kiporo kiliniuma zaidi.

Nikaanza kujifunza kujibu. Nakaa kitandani, nasema kwa sauti, "Habari yangu ni mbaya, daktari." Wacha wee! Nilikuwa naona haya kana kwamba nimemtusi mtu. Nikarudia tena na tena. Siku moja mama wa chumba cha pili, muuza dagaa wa omena kutoka upande wa ziwa, akagonga ukuta.

"Wewe, unaongea na nani?"

"Na daktari."

"Yuko humo ndani?"

"Hayuko."

"Haya, akija umsalimie."

Siku ya rufani sikusukwa nywele. Nilijifunga kitambaa, nikaenda. Daktari alikuwa mwingine, kijana, mwenye haraka zake. "Keti. Inua. Shusha." Mkono ukaishia kifuani. Akaangalia karatasi. "Hapa inasema ulipanda mpaka juu," akasema, na akafunga faili. "Basi, mama, unaweza kwenda."

Hakunisalimu! Ai, mimi niliyekaa miezi yote ile nikijifunza jibu, hata swali sikuulizwa! Hasira ikanipanda, nikakataa kuinuka.

"Daktari, hujaniuliza habari."

Akaniangalia. "Haya. Habari yako, mama?"

"Mzuri," nikasema.

Mdomo ulinitoroka, naapa. Nikaangua kilio hapo hapo. "Usiandike hiyo! Hiyo ni adabu, si jibu! Mkono huu hausongi ugali, haunyanyui debe, hata nywele zangu mwenyewe siwezi kuchana. Mtoto wangu yuko mbali kwa sababu yake. Habari yangu ni mbaya, daktari. Ni mbaya sana."

Akaweka kalamu chini. Akaja upande wangu, akalishika bega, akauinua mkono mwenyewe, polepole. Safari hii sikuuma meno. Nilipiga mayowe mpaka karani akafungua mlango kuona kuna nini.

Fidia ilitoka. Haikuwa nyingi, lakini nilipanda basi kwenda nyumbani kumchukua mtoto, kama nilivyomwahidi.

Alikuwa amerefuka. Nilidhani atanikimbilia. Alikuja taratibu, akanipa mkono vile mgeni anavyopewa, kwa adabu yote aliyofundishwa na nyanya yake.

"Habari yako, mama?"

"Si mzuri," nikamwambia. "Mkono unauma. Na nilikuwa peke yangu."

Mama yangu, pale mlangoni, alishtuka kusikia mtu akijibu salamu namna hiyo. Lakini mtoto aliendelea kunishika mkono, akiniangalia.

"Hata yangu si mzuri," akasema.