Jumamosi Aliyochelewa Mwenyekiti

Katika miaka kumi na miwili ya uenyekiti wake, Kokushubila hakuwahi kuchelewa sala ya jumuiya hata mara moja. Masika ikijaza maji njia za Tegeta, alifika kashika kandambili mkononi. Homa ikimpanda, alifika na sweta. Kwa hiyo Jumamosi ile ya mwezi wa nane, saa kumi na mbili na robo asubuhi, wanajumuiya walipokuwa wamekaa mkekani nyumbani kwa mzee Benedikto wakimngoja, hakuna aliyewaza kwamba mwenyekiti wao yuko hatua kumi tu kutoka pale, ng'ambo ya ukuta, kajibanza nyuma ya banda la kuku la Bi Somoe.

Naam, alikuwa amejificha. Mama mtu mzima wa miaka sitini na mmoja, fundi cherehani mwenye heshima zake, bibi wa wajukuu wanne, kachuchumaa kwenye kinyesi cha kuku akitega sikio. Lakini kabla hujamcheka, sikiliza kwanza yaliyomfikisha hapo.

Jumuiya kwa Wakatoliki ni familia za mtaa mmoja zinazokutana kila wiki kusali, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Ndiyo inayokuuguza, ndiyo inayokuzika, na ukitaka kufunga ndoa au kubatiza mtoto, ndiyo inayokuandikia barua ya kupeleka parokiani. Kokushubila alipotoka Bukoba mwaka tisini na moja kumfuata mume, hakuwa na ndugu hata mmoja Dar es Salaam. Tena alikuwa na haya ya kupindukia. Aliona lafudhi yake inachekesha watu, basi akawa anasali kwa kunong'ona, midomo tu inacheza. Mwenyekiti wa wakati ule, mama mmoja wa Kichaga aliyeitwa Eliaichi, alimvumilia miezi mitatu, wa nne akamwambia aongoze sala. Aliongoza, akaruka sehemu mbili, na hakuna aliyekufa. Alipofiwa na mume, watu wale wale walilala kwake wiki nzima, wakapika, wakateka maji, wakamfariji. Tangu hapo akisema "ndugu zangu" alikuwa na maana ya jumuiya.

Sasa ndugu hao walikuwa hatarini. Kanuni ya parokia ni vipindi viwili vya miaka mitatu mitatu, basi. Yeye alikuwa anamaliza cha nne. Kila ukifika uchaguzi watu waliinamisha vichwa kama wanafunzi wasiofanya hesabu za nyumbani, mpaka mmoja amtaje kwa jina la mwanawe, "Penye wazee haliharibiki neno. Mama Erasmus aendelee." Makofi. Na waliokuwa wakipiga makofi kwa nguvu kuliko wote ni vijana. Lakini safari hii alikuja paroko mpya, padri asiye na mchezo. Alitangaza kwamba jumuiya itakayoshindwa kupata mwenyekiti mpya itavunjwa, familia zake zigawanywe kwa jumuiya za jirani.

Kokushubila hakulala usiku ule. Kesho yake akaanza kuugua maradhi ya ajabu. Wiki moja alisahau miwani, ikabidi Edgar, fundi simu, asome Injili. Miwani ilikuwa ndani ya pochi na kila mtu aliiona. Wiki nyingine koo lilimkauka ghafla, na Hope, mwalimu wa chekechea, akalazimika kuanzisha nyimbo. Mambo yalikwenda. Kusoma walisoma, kuimba waliimba, ila kiti cha mwenyekiti hakuna aliyetaka hata kukiangalia.

Jicho lake lilikuwa kwa Loveness. Hapo akina mama walimshangaa, maana Loveness alikuwa binti wa miaka ishirini na nne anayepaka watu kucha kwenye saluni Sinza, na kucha zake mwenyewe zilikuwa na rangi kumi, kila kidole na yake. Kokushubila hakuangalia kucha. Alikuwa ameona kwamba mzee Benedikto alipovunjika nyonga, ni huyo binti aliyepanga zamu za vijana kumpeleka kliniki kwa bajaji, miezi miwili mizima, wala hakuagizwa na mtu wala hakujitangaza. Kiongozi akishaanza kazi kabla ya kupewa cheo, alisema, cheo kinamfuata tu nyuma kama mkia.

Alimwomba mara tatu. Mara ya tatu Loveness alimjibu kwa upole akiwa ameshika mkono wa mteja: "Mama, mie naogopa. Nani atanisikiliza mie na rangi hizi za kucha? Halafu sisi tuna wasiwasi gani? Si wewe upo."

Si wewe upo. Maneno hayo yalimfuata mpaka kwenye cherehani. Alishona sketi mbili za shule akiyatafakari, ya tatu akaishona upande wa nje ndani, akasimamisha mashine. Kumbe kizuizi chenyewe alikuwa yeye. Alikuwa amefanya kazi vizuri mno, kwa muda mrefu mno, mpaka watu wakasahau kwamba wana miguu. Iliuma. Ila aliyegundua kidonda ndiye anayeweza kukisafisha, na hivyo ndivyo alivyoishia kwenye banda la kuku la Bi Somoe, Mzaramo na Mwislamu, shoga yake wa miaka ishirini.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini. Ng'ambo ya ukuta watu walikohoa, wakaulizana kama simu yake inapatikana. Haikupatikana, maana alikuwa ameizima. Mtu mmoja akapendekeza waende zao, watasali wiki ijayo. Wakiondoka, Kokushubila alijua, jumuiya imekufa, na muuaji wake ni huyu aliyechuchumaa hapa na manyoya ya kuku kichwani. Akainuka. Bi Somoe, aliyekuwa anamenya mihogo pembeni, akamshika upindo wa kitenge.

"Unakwenda wapi?"

"Wanaondoka, Somoe. Niache."

"Kaa chini. Hata Nabii Musa alifika mahali akamwachia mwenziwe. Wewe nani?"

Akakaa. Aliomba, kwa kunong'ona kama zamani zile, midomo tu inacheza.

Kisha sauti ikapanda, nyembamba kidogo, ikitetemeka. Ilikuwa ya Loveness. "Basi jamani tuanze. Mama akija atatukuta. Kwa jina la Baba, na la Mwana..."

Kokushubila alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Machozi yalimtoka na hakujishughulisha kuyafuta. Halafu binti akatangaza kwamba wanasali rozari, Matendo ya Uchungu.

Machozi yalikauka papo hapo. Matendo ya Uchungu! Jumamosi! Mtoto wa komunyo ya kwanza anajua kwamba kila siku ina matendo yake, na Jumamosi ni Matendo ya Furaha. Mwenyekiti mzima alinyoosha shingo tayari kupaza sauti juu ya ukuta, na ni Bi Somoe tena aliyemvuta, safari hii kwa nguvu mpaka akakaa kitako juu ya ndoo ya pumba. Kuku wakaruka. Huko ng'ambo sala iliendelea, tendo la kwanza, tendo la pili, watu wakiitikia kama kawaida, mpaka mzee Benedikto akakohoa na kumkumbusha binti kwamba leo ni siku ya furaha.

Kokushubila alifumba macho. Hapa ndipo yeye, mwaka ule wa tisini na moja, angekimbilia Bukoba.

Loveness akacheka. Alicheka kweli, cheko la saluni, na watu wakacheka naye. "Jamani, kulia tumeshaanza," akasema. "Tumalize, halafu tufurahi." Wakamaliza uchungu wote, wakaanza furaha yote, rozari mbili mfululizo, watu wakachelewa kazini na hakuna aliyenung'unika.

Uchaguzi ulifanyika Jumamosi iliyofuata, mbele ya katekista Gozbert aliyetumwa na paroko. Mtu mmoja alianza kusema penye wazee, lakini hakufika mbali; Edgar alishataja jina la Loveness na mikono ilikuwa juu. Binti akasimama, akakunjakunja ncha ya khanga. Alikubali, akasema, ila ana ombi. Sala ihamie Jumapili saa kumi jioni, kwa sababu Jumamosi alfajiri vijana wengi ndiyo wanakwenda kazini.

Watu wote wakamgeukia Kokushubila. Miaka minne nyuma ombi hilo hilo lilipoletwa, alilizima hadharani, akasema anayeshindwa kumwamkia Mungu asidanganye kwamba anampenda. Alfajiri ile ilikuwa yake. Aliirithi kwa Eliaichi, na aliipenda kuliko kitu chochote katika wiki.

"Mama Erasmus," mzee Benedikto akauliza, "wewe unasemaje?"

Jibu alikuwa nalo, refu na kali, limeshakaa kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, na lilikuwa gumu kumezeka.

"Msiniulize mimi," akasema. "Mwenyekiti ameshasema."

Loveness akainamisha kichwa, akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Jumapili ya kwanza walifika watu thelathini na wanane. Kokushubila alifika robo saa kabla, kama kawaida yake, akakuta mikeka imeshajaa vijana ambao wengine hakuwajua majina, akabanwa mlangoni karibu na viatu. Hakuna aliyemgeukia kuuliza lolote. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili hakujua ni wimbo gani utaanza, na ulipoanza, aliuimba kwa sauti kubwa kuliko wote.