Bendi Isiyo na Mwimbaji

Siku hizi watu huniuliza bendi yetu ilipandaje, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo mjini Kakamega, huwa nafurahi kuulizwa. Nikipewa swali fupi natoa jibu refu. Ni tabia ambayo nusura iiue bendi yenyewe, kwa hiyo wacha nieleze polepole.

Tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa na kompyuta na kisanduku chenye vitufe. Ukibonyeza kitufe, kinatoa mlio uliouhifadhi humo: ngoma, kengele, mvua ya msitu wa Isecheno niliyoirekodi nikiwa nimejikinga, ingawa ukisikiliza vizuri utagundua unachosikia zaidi ni mwavuli wangu. Mwenzangu alikuwa fundi wa kushona nguo aliyepiga kinanda kanisani kila Jumapili. Yeye aliniita Mwalimu, nami nikamwita Fundi. Tulitunga muziki wa mashine usio na hata neno moja. Hilo la kukosa maneno lilikuwa wazo langu. Niliamini kwamba muziki ukiachwa bila maneno, msikilizaji atapata nafasi ya kufikiri.

Hapa kwetu hakuna aliyekuwa ameomba nafasi hiyo. Kila tulipopiga, swali lilikuwa moja: "Na nani anaimba?" Mama yangu alilipeleka jambo hilo kwenye kikundi chao cha maombi, likaombewa pamoja na mguu wa jirani na mvua iliyochelewa, kwamba binti yake apate mwimbaji. Mtandaoni hali ilikuwa afadhali kidogo. Msikilizaji mmoja wa mbali aliandika kwamba nyimbo zetu zinamsaidia kupata usingizi. Nilimjibu kwa aya tatu za shukrani.

Kisha Fundi akapata nafasi kwingine. Mwimbaji mmoja wa injili kutoka Mumias, mama mwenye sauti nzito na mialiko isiyokwisha, alimtaka kwenye bendi yake, akampa hadi Jumatatu aamue. Fundi aliniambia kibandani kwake, akiwa na pini mdomoni.

"Mwalimu, wewe ni dada yangu. Lakini nimechoka kupigia viti."

"Viti vilikuwa na watu," nikasema.

"Watu waliokaa kama viti. Jumamosi tunapiga harusini kwa shangazi yangu, kule Matungu. Wakiinuka wakacheza, nabaki. Wakikaa, naenda."

Bila Fundi sikuwa na bendi. Nilikuwa na kisanduku na mwavuli.

Mtu mwenye akili angeitumia wiki hiyo kurekebisha nyimbo. Mimi niliandika hotuba. Niliona tatizo la watu wetu ni kwamba hawajaelezwa vizuri.

Huko Matungu mahema mawili yalitazamana, la upande wa bibi harusi huku na la upande wa bwana harusi kule, na nyuma yake miwa. Shangazi yake Fundi, ambaye wote walimwita Senje, ndiye aliyemlea bibi harusi na ndiye aliyetualika. Kuku wakaliwa, sinia zikaondolewa, nikashika kipaza sauti. Nikaeleza mdundo ni nini. Nikaeleza kwamba ukimya nao ni sehemu ya muziki. Nilipofika kwenye mawimbi ya sauti, bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema "Amina," kwa upole, kama anayenifungulia mlango wa kutokea.

"Kwani huyu mhubiri humalizanga?" akauliza mzee mmoja.

"Muache tu," jirani yake akamjibu. "Hata keki bado haijakatwa."

Tukapiga wimbo wa kwanza. Walitusikiliza kwa adabu, mikono mapajani. Ulipoisha, mshereheshaji akainuka akiwa na furaha tele.

"Asanteni sana, mafundi wa mitambo! Sauti iko sawa kabisa. Sasa tuikaribishe bendi!"

Watu wakapiga makofi na kugeuka kutazama upande wa barabara, ambako bendi ingetokea. Hata mimi niligeuka.

Fundi hakugeuka. Alinitazama jinsi anavyokitazama kitambaa kilichokatwa vibaya. Nikanyoosha mkono nichukue kipaza sauti, niwaeleze kwamba bendi ndiyo sisi. Akakichomoa waya.

"Mwalimu, nyamaza. Bonyeza ile ya ngoma."

Ile ya ngoma niliijenga juu ya isukuti, ngoma zetu za huku, kubwa, ya kati na ndogo, nilizozirekodi na kuzipanga ndani ya kisanduku. Katikati yake niliacha pengo: kinanda kinapanda, kinapanda, halafu kinanyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kufikiri, na niliionea fahari kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kutengeneza. Lakini isukuti nimeisikia tangu nikibebwa mgongoni, na bado sikukumbuka kwamba pengo kama hilo huku kwetu lina mwenyewe. Ngoma zikibaki hivyo, mtu huita na wengine huitika. Kunyamaza ni kama kuuacha mkono wa mgeni ukining'inia hewani.

Pengo lilipofika mara ya kwanza, watu walitazamana. Lilipofika mara ya pili, Senje akainuka, akajifunga leso kiunoni, akaligeukia hema la bwana harusi.

"Mlisema mtaleta ng'ombe!"

"Iko wapi?" wakaitika wanawake wa hema lake.

"Ni ile imekonda!"

"Iko wapi?"

"Tulidhani ni mbuzi!"

Kinanda kikaingia tena, na hema zima likawa limeinuka, mabega yakitetemeka kama isukuti inavyotaka. Pengo lililofuata lilinyakuliwa na mwanamke mrefu wa upande wa bwana harusi.

"Mlisema anajua kupika!"

"Nani ameonja?"

"Hii kuku ni ya jirani!"

Wimbo wangu ulikuwa na mwisho wa kistaarabu, milio ikififia mmoja baada ya mwingine. Ulipoanza kufifia, mahema yote mawili yakanizomea.

"Rudisha!" Fundi akapaza sauti.

Nikarudisha. Kumbe sehemu ile ingeweza kurudiwa kwa kitufe kimoja tu, na Senje alikuwa akiinua kidole kila alipotaka kuendelea. Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu alasiri nzima. Nikiona kidole, nabonyeza. Elimu yangu yote ya mawimbi ya sauti ikawa chini ya kidole cha Senje. Keki ilikatwa wimbo ukiendelea.

Roho iliniuma kidogo, sitaficha. Muziki niliouhifadhi usiguswe na maneno ulijaa maneno pomoni, tena ya ng'ombe na kuku. Lakini nilipowatazama nikaona kwamba walikuwa wakifikiri. Huwezi kumtungia mkwe tusi zuri papo hapo bila kufikiri. Tangu siku hiyo tumeitwa Lugari, tumeitwa Buyangu, na kila mahali wimbo uleule hupewa maneno mengine. Kama nawe unatengeneza kitu na watu wanakitazama tu, usikate tamaa. Angalia kama umewaachia mlango, kisha usisimame mlangoni.

Jua likielekea kushuka tulikunja nyaya. Sikuthubutu kumuuliza Fundi kama anabaki. Kaka wa bwana harusi akaja mbio, shati limelowa jasho.

"Upande wetu haujamaliza kujibu," alisema. "Jumamosi ijayo tunakaribisha bibi harusi kwetu. Mje na hizo mashine."

"Tutakuja," Fundi akajibu kabla sijafungua mdomo.

Kaka huyo alipoondoka, Fundi akaendelea kukunja waya kwenye kiwiko chake.

"Jumatatu nitampigia simu yule mama wa Mumias nimwombe radhi," alisema. "Lakini Mwalimu, ule mwisho wako unaofifia, tuutoe."

Nikaifungua kompyuta juu ya spika na kuufuta palepale, asije akabadili nia.