Honi Mbili Chini ya Soni

Hili sikusimuliwa na jirani. Lilinikuta mimi, mchana, nikiwa na akili zangu zote, na mguu wa mume wangu ni shahidi.

Mume wangu Rashidi alikuwa akishusha kabichi kwa Fuso kutoka Lushoto hadi Mombo. Siku moja nilipanda naye. Chini ya Soni kuna kona kali, mwamba upande huu, korongo upande ule, nyumba hakuna. Alipoikaribia akapiga honi mbili, taratibu, kisha akatabasamu. Miaka tisa ya ndoa, tabasamu lile sikuwahi kupewa mimi. Nikamuuliza ni nani huyo, na ni mzuri kiasi gani.

"Namsalimia tu," akasema, akacheka. Niambie, wewe ungelala?

Wivu ulinila wiki nzima. Ijumaa nikaaga naenda sokoni Soni, nikashuka kwa miguu hadi pale konani. Ukungu ulikuwa umetanda. Pembeni mwa lami alikaa mwanamke na karai lake la kokoto, anaponda mawe kwa nyundo. Alikuwa mkubwa kwangu, lakini mzuri, nakwambia kweli, mzuri wa kunitia uchungu. Alistahili shikamoo yangu. Sikumpa.

Nikamuuliza anamngoja nani. Akasema wa Fuso ya bluu, humsalimia kila siku.

"Yule ni mume wangu. Kuanzia leo hakusalimii."

Alinitazama kwa huruma, na hilo ndilo lililonikera zaidi. "Unataka hivyo, mdogo wangu?"

"Ndiyo."

"Haya." Akajitwika karai, akaingia ndani ya mwamba kama mtu anayeingia jikoni kwake.

Papo hapo Fuso ikatokea kwenye ukungu, bila honi, na basi linapanda kutoka chini. Rashidi akalikwepa, akagonga mwamba, mguu wake ukapondeka. Kabichi zilitapakaa hadi korongoni.

Hospitalini akaniambia alibonyeza honi mara mbili, haikulia. Fundi wa Mombo alipoijaribu, ikalia vizuri kabisa. Ndipo Rashidi akanieleza. Barabara ile ilichongwa tangu enzi za Mjerumani, na ilipokuja kupanuliwa, wanawake wa vijiji vya juu waliponda kokoto kwa mikono. Mwamba ukamfunika mmoja pale. Dereva akimpigia honi mbili, naye hugonga nyundo iwapo kuna gari linakuja kutoka upande wa pili.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Nilikwambia namsalimia," akasema. "Wewe ukataka kujua kama ni mzuri."

Sasa haendeshi tena. Anashinda kibarazani, wangu peke yangu, kama nilivyotaka. Gari likipiga honi kule barabarani, anatega sikio na lile tabasamu linarudi. Bado linanichoma, sikufichi.

Basi mumeo akisalimia kona isiyo na nyumba, mwache asalimie. Mimi kila Ijumaa nashuka pale, nasimama mbele ya mwamba na kutoa shikamoo yangu. Marahaba sijaisikia mpaka leo.