Muuguzi wa Mizani

Muuguzi wetu hakuwahi kuniambia "kula". Alikuwa akikaa kando ya kitanda changu na soksi anayoifuma, anamega ndizi, anakula kipande chake, kisha ananisubiri mimi, shujaa wa kidato cha pili niliyelazwa hospitali ya Tukuyu kwa kugoma kula ili suruali ya mtumba inienee. Kila asubuhi alinipima uzito. Siku moja nikajaza mawe mifukoni mwa sweta, nikajiona mjanja kweli, nikasahau kwamba binti wa Kinyakyusa haamkii mkubwa akiwa wima. Nilipopiga goti na shikamoo yangu, mawe yakamwagika sakafuni. Akayaokota moja moja.

"Marahaba, mwanangu. Sasa panda wewe mwenyewe."

Nikapanda. Mshale ukasimama chini kuliko siku zote, na vidole vyake vile visivyowahi kukosea uzi vikakosea kuandika uzito wangu, vikafuta, vikaandika tena.