Ndege ya Bawa Moja

Jumapili msumeno haukuguswa katika karakana ya mume wangu. Ilikuwa amri yake mwenyewe, Mlutheri aliyelelewa misheni upande wa Iringa, na hata mtu angekuja kutaka jeneza angeambiwa asubiri Jumatatu. Kisu kiliruhusiwa, kwa sababu kazi ya kisu, alisema, ni mchezo. Basi baada ya ibada alikaa na rafiki zake wawili kwenye magogo, hapo hapo karakanani Mbeya, wakichonga ndege kwa mabaki ya mbao.

Ndege za vita, si wale wa porini. Mume wangu alikuwa keya, askari wa Mwingereza, alipigana na Wajapani huko Bama, na jeshini walifundishwa kuitambua ndege kwa kivuli chake tu, ya kwetu au ya adui, maana ukikosea unampiga mwenzako. Rafiki mmoja alikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, Mnyakyusa mcheshi, ambaye huko Bama alibeba majeruhi. Wa pili alikuwa fundi cherehani, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Yeye vita alivishonea sare tu kambini Mombasa, lakini alikuwa ameziona ndege zinazotua majini, na hilo lilimtosha kuringa nalo mwaka mzima.

Wakichonga walitegeana vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Ndege yangu ina mikia miwili, kichwa kimoja." Hiyo waliijua wote. "Ndege yangu pangaboi iko nyuma, kama imevaa shati kinyume." "Ndege yangu haina injini, inavutwa na mwenzake kwa kamba, ikiachiwa hairuki tena." Sheria zilikuwa mbili. Ndege uwe umeiona kwa macho yako, si kwa kusimuliwa. Na anayeshindwa atoe mji. Mshindi aupokee, auendee kwa maneno, aseme alichokuta huko, ndipo afumbue.

"Chukua Chunya."

"Chunya sitaki, nikale vumbi?"

"Basi Nyololo."

"Nyololo watu wanapita tu. Mtu mzima anakwenda Nyololo kufanya nini?"

Mume wangu alitoa Tukuyu, akatoa Njombe, akatoa na Bama yenyewe. Iringa hakuitoa hata siku moja. Wenzake walimtania, "Fundi, Iringa unamwekea nani?" naye alicheka kwa meno tu. Mimi nilikuwa namimina chai. Nilijua anamwekea nani.

Mtoto wetu alizikwa Iringa. Surua ilimchukua kabla hajaanza shule. Baba yake alikuwa amemchongea ndege, ya kwanza kabisa kuichonga tangu arudi vitani, na mtoto akairusha kutoka juu ya ukuta, ikapoteza bawa. Baba akasema atalirudisha kesho. Kesho yake mtoto aliamka na homa.

Baada ya maziko tulihamia Mbeya, kwa kuwa mume wangu alisema huku kuna kazi. Kazi ilikuwepo, siwezi kusema alidanganya. Ila kule Iringa watu waliniita mama fulani, kwa jina la mwanangu. Huku hakuna aliyelijua jina hilo, nikawa shemeji, nikawa mke wa fundi. Sikulia njiani, wala sikulia tulipofika. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilipika, nilifua, nilijibu salamu, na mtu akinieleza jambo la kuchekesha nilijua mahali pa kucheka.

Kitu kimoja tu ndicho nilichokitaka, nacho ni msalaba. Kaburi la mwanangu lilikuwa na kijiti, na kijiti kikaoza. Nilipokwenda kumwona mama yangu mgonjwa nilikuta tuta limedidimia, mbuzi wanapita juu yake. Nikarudi Mbeya nikamwambia mume wangu, "Baba, mtoto hana msalaba." Akaugusa ubao wa mninga uliosimama ukutani, akasema, "Mbao bado mbichi."

Mvua zikapita, kiangazi kikapita, nikauliza tena. Mbao bado mbichi. Lakini mteja akija na msiba wake, mbao hizo hizo zilikuwa kavu. Waswahili husema mganga hajigangi, na nilijaribu kuliona hivyo, lakini ukweli ni kwamba nilimchukia, chuki isiyo na moto, kama uji uliopoa. Mtu anaweza kuishi na chuki ya namna hiyo muda mrefu sana. Haimzuii kumpakulia mumewe chakula.

Halafu wiki moja alikuja mzee wa Iyunga aliyefiwa na mjukuu. Mume wangu alimtengenezea msalaba mdogo, akaupiga randa, akaupiga msasa, akampa. Nilimwona yule mzee akiondoka nao kwapani. Ulikuwa saizi yetu kabisa.

Jumapili ya wiki hiyo niliweka birika chini nikakaa kwenye gogo.

"Leo shemeji anacheza?" dresa akauliza.

"Anacheza. Kitendawili!"

Wakatazamana. "Tega!"

"Ndege yangu ina bawa moja."

Dresa akacheka. "Ya bawa moja hakuna, shemeji. Hiyo imeshaanguka."

"Haijaanguka. Imetua."

"Umeiona kwa macho yako?" fundi cherehani akauliza, maana alikuwa mtu wa sheria.

"Nimeiona. Nimeishika."

Hapo wakachangamka. Dresa akasema labda ni ile iliyotunguliwa, ikalala kwenye matope upande mmoja. Nikasema siyo. Fundi cherehani akasema Wajerumani walikuwa na mambo yao, hawashindwi kutengeneza kitu cha namna hiyo, ila Mbeya nzima hakuna mtu aliyewahi kukiona. Nikasema siyo. Mume wangu hakubahatisha. Alikuwa anachonga mkia, na kisu kiliendelea kwenda, lakini kilikuwa hakikati kitu.

"Tumeshindwa," dresa akasema. "Chukua Tukuyu, shemeji, kuna ndizi."

"Tukuyu sitaki. Na siombi kwako." Nikamgeukia mume wangu. "Baba, nipe mji."

"Chukua Njombe."

"Sitaki."

"Chukua Mbeya yote."

"Mbeya ninayo. Nipe Iringa."

Fundi cherehani akakohoa. Kisha mume wangu akasema kwa sauti ndogo, bila kuinua uso, "Chukua."

Nikaupokea mji. Nikauendea kama walivyokuwa wakifanya wao. Nikasema: nimekwenda Iringa, nimefika. Watu wamenisalimu, kamwene, kamwene, wameniita kwa jina la mwanangu, nami nimeitika. Nimepewa ugali, nimekula. Nimepanda makaburini. Nimekuta tuta limelala chini, mbuzi wamepita. Kijiti hakipo. Kichwani pa tuta nimekuta ndege ya mbao ina bawa moja, imezungushiwa mawe isichukuliwe na maji. Niliiweka mimi mwenyewe, mwaka ule aliougua mama, ili nikirudi nijue kaburi lipi ni langu. Nimekaa nayo. Nimerudi.

"Hiyo ndiyo ndege yangu," nikasema. "Nimefumbua."

Sauti yangu haikutetemeka. Nilisikia nilivyoyasema yote sawasawa, kama mtu anayesoma tangazo la serikali. Fundi cherehani alivua kofia yake akaishika, akasema, "Poleni. Hatukujua." Dresa aliiweka chini ndege aliyokuwa akiichonga.

Mume wangu aliweka kisu chini. Aliipangusa mikono yake kwenye suruali, mmoja mmoja.

"Bawa lipi lililovunjika?" akaniuliza.

Lilikuwa neno lake la kwanza juu ya mtoto wetu tangu tulipoondoka Iringa.

"La kushoto."

Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba ndivyo alivyokumbuka. Akainuka, akaenda ukutani kwenye ubao wa mninga, akaugonga kwa vifundo vya vidole, juu, katikati, chini. Hata mimi niliyekaa mbali nilisikia kwamba umekauka. Akaulaza juu ya meza, akatoa penseli nyuma ya sikio, akachora mstari.

"Fundi," dresa akasema taratibu, "leo Jumapili."

Nilianza kukusanya vikombe, na nilikuwa nimeinamia cha mwisho niliposikia msumeno.